Silikoni Sebuleni

Jumanne, Sagalla

Amenunua silikoni. Nilimwambia Mwakio alete akriliki ya kuzibia nyufa, nikalirudia neno, lakini mwanangu huyo amerudi kutoka Voi na silikoni kwa sababu mwenye duka alimwambia ndiyo inayoshika zaidi.

Inashika, ndiyo, lakini rangi haikai juu yake. Hiyo ni ya bafuni. Sebuleni, ukuta unapokutana na dari na fremu za madirisha, panataka akriliki. Unailainisha kwa kidole kilicholowa, ikikauka unaipaka rangi, na hakuna atakayejua palikuwa na ufa. Sasa kila pembe inang'aa kama kamasi.

"Baba, wageni hawataangalia dari," akasema.

"Wageni gani? Mimi sijaalika mtu."

Akainama kukunja turubai lililotandikwa sakafuni.

Ananiona mtoto. Hapa kwetu nyumba ya mgonjwa ikianza kupakwa rangi ghafla, jirani wote wanajua matanga yanaandaliwa. Mwakio angeniambia tu. Nyumba ni yangu, na kifo pia ni changu.

Nimemwamuru aikwangue yote kwa kisu, aanze upya.

"Hiyo ni kazi ya wiki nzima, Baba. Una uhakika?"

Nina uhakika. Kwake sitalisema, kwa hiyo naliandika hapa: hizo nyufa hazinisumbui kiasi hicho. Naogopa siku atakayoniambia kazi imekwisha.