Majani ya Mwende Yasiyotakiwa

Tseikuru

Kwa Mwaitu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za binti yako aliye huku kwenye jua. Mguu wako unaendeleaje? Na mvua ya Mbumbuni imeingia shambani au imepita juu tu? Sisi ni wazima. Hoteli yangu inaenda vizuri, na wanunuzi wa mifugo wanasema chapati kama zangu hawajaonja hata Mwingi. Lakini Mwaitu, nina hasira, na simu haitoshi kuisema. Ndiyo maana nimetafuta karatasi.

Ni mambo ya mjukuu wako Mwende. Mwalimu wake wa PP1, hilo darasa la kwanza la chekechea, alitoa kazi kwenye kitabu cha ng'ambo, kule ambako kuna msimu wa majani kuanguka. Kila mtoto alete majani yaliyoanguka yenyewe, ya njano na mekundu, wayaguse, wayanuse, wayafinye wasikie yakilia, kisha wayabandike kwenye karatasi. Sasa wewe unajua kiangazi cha huku. Jani likianguka, mbuzi yuko hapo chini anangoja. Asubuhi tatu mimi na Mwende tulishindana na mbuzi wa jirani, na wakatushinda.

Ndipo mtoto mwenyewe, wa miaka mitano, akaniambia, "Mama, tuokote ya mbarika. Hayo mbuzi hawataki."

Kweli, yalikuwa yamejaa nyuma ya choo, makubwa, yana vidole kama yale ya kitabuni, mengine mekundu kabisa. Nilimkataza kugusa mbegu zake kwa sababu ni sumu. Akayabandika kwa gundi ya unga, moja moja, na mimi niliyeachia shule darasa la saba nikajiambia hizi akili amezitoa kwangu.

Mwalimu akakataa. Alisema hilo ni gugu la jalalani. Wenzake walileta majani mabichi ya kuchuma kwenye ua wa watu, na hayo akayapokea na kuyatundika. Yale ya Mwende akayaweka chini kwenye kona. Halafu kwenye fomu yake ya mwisho wa mwaka akaandika kwamba mtoto hafuati maagizo, arudie PP1. Mwende alirudi nyumbani hataki chai, ananiuliza kama yeye ni mjinga.

Jumamosi mlango wa darasa haukufungwa. Jumatatu walikuta mbuzi wamemaliza ukuta wote, majani, karatasi na gundi. Karatasi ya Mwende waliinusa wakaiacha.

Sasa sikia. Siku ya wazazi naingia, naona majani ya mwanangu katikati ya ukuta, juu yake pameandikwa KAZI YA DARASA. Hakuna jina. Na mwalimu anaeleza wageni, kwa sauti tamu, vile yeye hufundisha kwa mimea ya hapa. Niliinuka mpaka kiti kikaanguka.

"Mwalimu, hiyo kazi ni ya nani?"

"Mama Mwende, ni yetu sote."

"Basi darasa lote lirudie PP1."

Wazazi walicheka. Mwalimu akachukua kalamu, akaandika jina la Mwende hapo mbele ya watu, na mtoto akaenda kusimama chini yake kama askari.

Unafikiri yaliisha? Baada ya mkutano aliniletea ile fomu nisaini, maneno ni yale yale. Nilikataa, nikaondoka nayo. Leo nimeirudisha, akakata ile sentensi kwa kamstari kembamba, bado inasomeka. Nikamwambia akate tena. Akaniangalia, nami nikamwangalia. Akakata mpaka karatasi ikatoboka, ndipo nikasaini.

Nisalimie Baba, na kaka yangu mkubwa na mkewe, na dada yangu Kanini anayekusomea hii barua. Kanini, usiruke pale nilipojisifu.

Ni mimi binti yako, mama wa mwanafunzi wa PP2 mwaka ujao,

Mama Mwende