Sumaku Bado Yuko Migombani

Tumpe,

Sikuulizi hujambo. Ulikuwa unanigombeza kwa hilo, ukisema mtu asiyesubiri jibu asiulize. Mimi mzima. Masweta ya shule yananimaliza mgongo, cherehani ile ya kufumia imeanza tena kuruka nyuzi, na mvua ya Tukuyu ulipoiacha ndipo ilipo. Hizo ndizo salamu. Sasa nikuambie kwamba nina hasira na wewe, na hasira zenyewe zina jina la mtu. Zuhura.

Usijifanye humjui.

Kundi letu la kwenye simu bado lipo. Mtu akinikuta nimeinamia simu badala ya sweta lake akiniuliza nafanya nini, bado namwambia kama tulivyokuwa tukiwaambia wote: ni mchezo wa kuandika. Kila mmoja ana shujaa wake mwenye nguvu za ajabu, tunapigana kwa maneno, zamu kwa zamu, na Mwamuzi, yule mwalimu wa Mbeya tusiyewahi kumwona sura, anaangalia haki. Wateja wanacheka. Wacheke. Shujaa wako, Binti Ukungu, hajaandikiwa neno tangu tulipokuzika. Radi wangu yupo, na bado ni mimi mtupu niliyeongezewa umeme, kama ulivyokuwa ukinitania.

Na ile sheria yako ndiyo imekuwa sheria ya kundi zima. Unakumbuka yule mgeni aliyeingia kwa kishindo akaandika kwamba amemuunguza Radi macho yote mawili, Radi analia, Radi anaomba msamaha? Nilikuwa tayari kumtukana. Ukanitangulia. Ukaandika: "Piga, kisha nyamaza. Maumivu ya mwenzio si yako kuyaandika." Ukamweleza taratibu kwamba mtu anaandika pigo lake na kuishia hapo. Limempata au limemkosa mwenzake, limemvunja mbavu au limempangusa vumbi tu, hayo anaandika aliyepigwa. Na aliyepigwa naye awe mkweli, asijifanye jiwe kila siku. Uliandika yote hayo ukiwa kwenye foleni ya kupima majani ya chai, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Najua kwa sababu uliniambia. Nilidhani mambo yako yote unaniambia mimi.

Halafu ile mbinu yetu, ya kupisha mkwe. Yetu, nasema. Tulikuwa Nkunga kwenu, tunamenya ndizi, bibi yako akatusimulia alivyokuwa mke mgeni na desturi haimruhusu kukutana uso kwa uso na baba mkwe. Akamwona anakuja, akaingia migombani na mzigo wake wa kuni kichwani. Baba mkwe naye, badala ya kupita, akakutana na mwenzake pale pale njiani, wakaanza habari za ng'ombe. Mvua ikaja. Bibi kasimama migombani, kuni kichwani, analowa. Tukamuuliza kwa nini hakutoka tu upande wa pili. Akatushangaa sana. "Subili, mwanangu. Njia ni ya mkwe mpaka apite." Mzee mwenyewe alijua yupo mle. Alipochoka kuongea akakohoa, akapita, ndipo bibi akatoka. Tulicheka mpaka ukaangusha kisu.

Kesho yake Binti Ukungu akaitumia. Pigo linakuja, yeye halizuii, anatoka njiani na kujificha, pigo linapita kama mkwe na heshima zake, kisha anatokea kwa nyuma. Watu wa Tanga na Dodoma waliokuwa kundini wakadhani mkwe ni aina ya jini. Tukawaacha wadhani hivyo. Mimi nikiwa kwenye cherehani, wewe ukiwa kwenye chai, tukawa tunacheka kicheko kimoja. Sikuwahi kuwa na kitu kizuri kama hicho na mtu mwingine yeyote.

Sasa huyu wako wa Sumaku.

Zuhura alipoingia kundini na Sumaku, shujaa wake anayevuta vyuma, niliona maelezo yake yanasema yuko Bagamoyo. Nikawaza pwani. Nikamjenga kichwani kabisa: dada wa pwani, ananukia udi, anajipepea kwa joto, hajui sweta ni nini. Ulipoanza kumsifia, "Zuhura ana akili ya vita, Bupe, msome," niliona kijicho kidogo lakini nikajituliza. Yuko mbali huyo, nikasema, na umbali ni ukuta. Kumbe Bagamoyo yenyewe ni hii yetu! Bagamoyo ya hapa hapa Tukuyu, ninayoifikia kabla chai haijapoa kwenye kikombe! Mimi ninayeishi Msasani ya hapa Tukuyu, ninayecheka kila mgeni anayedhani naishi Dar, nimedanganyika na jina la mtaa wa jirani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakitafuta baharini.

Unajua nilijulia wapi? Msibani kwako.

Nilikuwa nimekaa na kina mama, nimejifunika kanga, najiona ndiye mfiwa wa pili baada ya mama yako. Akaingia dada mmoja wa mtandio mweusi, kashika chupa ya chai ya tangawizi, kavaa sweta. Sweta langu, Tumpe. Lile la kijani nililokufumia, ukaniambia umelipoteza mnadani. Mama yako alipomwona akanyoosha mikono yote miwili. Akawaambia wanawake waliokuwa pale, "Msogezeni karibu. Huyu ndiye Zuhura wa Tumpe."

Zuhura wa Tumpe. Mimi saa ile ile alikuwa amenitambulisha kwa shangazi zako: "Huyu ni Bupe wa Msasani." Kama mtu aliyekuja kuuza kitu.

Nililia sana siku ile, watu wakanishika. Walidhani nakulilia wewe. Nilikuwa nakulilia, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nalilia sweta. Nilikuwa nalilia Jumamosi zote ulizoniambia unateremka mjini kununua mbolea, kumbe, nilivyosikia pale pale msibani, unakaa dukani kwake kwenye mifuko ya mchele mnakunywa chai na kupanga vita. Ulikuwa na marafiki wawili na mmoja hakuambiwa. Kwa nini hukuniambia? Ninajua kwa nini. Kwa sababu ningefanya haya haya ninayofanya sasa.

Basi sikia kilichotokea baada ya arobaini. Mwamuzi aliandika kwamba Binti Ukungu asiachwe yatima: kama kuna anayetaka kumwandika, aseme. Nikasema mimi. Zuhura akasema yeye, dakika ile ile, kama aliyekuwa ananivizia. Mwamuzi akaamua Radi na Sumaku wapigane, na mshindi amchukue Binti Ukungu. Nilifurahi, sikufichi. Nilisubiri kumpiga yule dada kwa namna ambayo mkono wa mtu mstaarabu haupati ruhusa.

Uwanja akachagua yeye: njia ya vumbi, migomba pande zote mbili. Ningeshtuka mapema kama si roho yangu ya korosho. Nilipiga. Radi wangu alishuka na umeme wa kupasua mwamba, nikanyamaza kama sheria inavyotaka, nikasubiri jibu nikijua hana pa kukimbilia. Akajibu: "Sumaku anaweka mzigo wake kichwani. Anaingia migombani. Anampisha mkwe."

Niliitupa simu juu ya masweta. Ulimpa na hiyo! Mtu wa kuja, hata Kinyakyusa chake ni cha kuuzia mchele, ukamfundisha ya bibi. Nilichomwa pale palipobaki pazima.

Lakini hasira zilinifundisha. Nikakumbuka kuni na mvua. Nikaokota simu, nikaandika: "Radi anasimama katikati ya njia. Hapiti." Basi. Mkwe asiyepita! Nikajua hapo dawa imeingia, maana aliyejificha hawezi kutoka mpaka njia iwe wazi, na nikasema huyu hajui, atatoka tu nyuma yangu apige, na mimi nitamwambia Mwamuzi mbinu imevunjwa, kwisha habari yake.

Hakutoka.

Aliandika: "Sumaku bado yuko migombani. Mvua inamnyeshea. Anasubiri njia." Mwamuzi, ambaye haelewi lolote, akauliza kwa nini Sumaku asitoke upande wa pili apige. Zuhura akamjibu hawezi. Mwamuzi akauliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Akajibu, "Haijaandikwa. Ni ya Tumpe."

Umeona uchokozi huo? Angeweza kutoka. Kundi zima hakuna ambaye angemshika isipokuwa mimi, na neno langu lingeonekana la mwenye wivu. Lakini amekaa mle analowa, kwa haki, na Mwamuzi ametangaza kwamba asipotoka hadi kesho jioni ameshindwa. Sihitaji kufanya chochote. Nisimame tu. Hakuna atakayesema nimecheza vibaya, maana kusimama njiani hakujakatazwa, na Binti Ukungu atakuwa wangu peke yangu.

Zamu ni yangu, Tumpe. Simu iko hapa kwenye cherehani, nimeanza kukuandikia wewe kwanza.

Nimejaribu kumwona Binti Ukungu mikononi mwangu. Namfahamu kuliko yeyote. Lakini kila nikianza kumwandika anatoka Radi: anafoka, anagonga, hapishi mtu. Mimi sijawahi kumpisha mtu maishani mwangu, na wewe ulikuwa unajua. Pengine ndiyo maana yule wa kumngoja mkwe kwenye mvua ulimtafuta kwingine. Inaniuma kuandika hivyo. Ningependa iwe kinyume, ningependa awe mwizi, laghai, mtu wa kuandika maumivu ya wenzake, nimchukie kwa raha zangu. Amenikosesha hata hilo.

Kwa hiyo nitaandika hivi, nikimaliza barua hii: "Radi anakohoa. Anapita."

Atatoka kwa nyuma na vyuma vyake vyote, atapiga, na mimi nitaandika ukweli kwamba limenipata. Amchukue. Usidhani nimekuwa mtakatifu. Namwonea wivu sasa hivi kuliko nilipoanza barua. Kila neno atakalomwandikia Binti Ukungu nitalisoma, na siku atakapomwandika anaogopa baridi nitakuwa mlangoni mwa duka lake na sindano zangu za kufumia. Sweta sitamdai. Ila kiwiko chake kimefumuka, nilikiona pale msibani, na siwezi kuvumilia kazi yangu itembee mjini ikiwa vile. Nitakwenda kulishona. Chai yake nitaionja nione ina nini.

Na kwenu Nkunga nitakuwa nakwenda, nakuahidi. Nitammenyea mama yako ndizi, nitamsikiliza bibi akirudia ya kuni na ng'ombe, nitacheka pale pale tulipochekea, hata ikibidi nicheke mwenyewe. Nitakwenda mpaka mama yako aache kunitaja kwa mtaa.

Wewe ulipiga, rafiki yangu, ukanyamaza, kama ulivyotufundisha. Pa kuuma naandika mimi. Basi nimeandika, na sijajifanya jiwe: limenipata.

Lala, Tumpe. Njia ni yako.

Bupe wa Tumpe