Kadi ya Kuendeshea Lori

Jumatatu, 3 Machi

Nusu ya mizigo ya nchi hii imepita mikononi mwangu. Waziri, tajiri, mwalimu — nani aliyewahi kula mkate ambao unga wake sikuujua mimi kwanza? Hakuna! Naliandika hili kwa sababu leo karani wa ghala ameniita "mzee wa daftari". Mimi! Miaka ishirini na miwili barabarani, leo nimekaa getini naandika namba za malori ya watu. Kiti chenyewe cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya.

Goti limevimba tena. Nimefika nyumbani hoi, kama punda wa kuazima.

Nyumbani ni kwa dada yangu, chumba cha uani. Binti yake, mpwa wangu, amenikuta navua viatu. Yeye anahudumia kompyuta za shule moja, na sipiyu moja kuukuu, boksi la kompyuta waliyotaka kuitupa, wamempa. Kaja nayo kwapani kama jogoo. Mjomba, akasema, magoti yamekunyima barabara, sasa barabara nakuletea sebuleni. Kumbe kuna gemu la malori! Usukani, gia, vioo, trela, kila kitu. Usukani ataazima kwa rafiki yake. Kimebaki kitu kimoja, kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachopeleka picha kwenye skrini. Bila kadi ya maana, lori linakwenda kwa kurukaruka kama panzi.

Mpango wake: Jumapili ya wiki ijayo familia nzima ikae, mimi niendeshe, wao watazame.

Shemeji, mume wa dada yangu, akashusha gazeti. "Tutaona mengi mwaka huu."

Nikamjibu kadi nachagua mwenyewe. Dereva hatafutiwi injini na watu!

Jumatano, 5 Machi

Dukani na Mpwa, baada ya kazi. Duka upana wake mikono miwili, nyaya zinaning'inia kila mahali. Muuzaji ana bisibisi nyuma ya sikio. Akatuwekea kadi tatu mezani, zote za mtumba.

Nikazishika moja moja, nikapima uzito. Kitu cha maana lazima kiwe kizito, hata gari ni hivyo hivyo. Iliyo kubwa kuliko zote ina feni tatu. Nikasema hii.

Mpwa akacheka. "Mjomba, hiyo ni ndefu kuliko boksi letu, italala miguu nje. Halafu inakula umeme kama jiko, pawasaplai yetu, ile ya kuleta umeme, itakufa siku ya kwanza." Ati kadi haipimwi kwa mkono. Unaangalia memori yake, umeme inaokula, na kama itaingia. Akanionyesha nyingine, feni moja, fupi kama kiganja. Hii inatosha, akasema, gemu lenyewe si zito.

Inatosha! Mtu wa tani thelathini niburutwe na feni moja?

Muuzaji akauliza kama mimi ni dereva. Basi nikampa ile ya mayai. Lori limejaa trei za mayai, tunashuka mlima, breki zikafa. Utingo wangu, jamaa tulimwita Mnene, kazi yake kuweka mawe nyuma ya tairi na kufunga turubai — analia, anamwita mama yake! Mimi nikakamata usukani. Kilomita tisa. Nikashusha gia moja baada ya nyingine mpaka injini ikaomba msamaha. Kufika chini, yai lililopasuka ni moja. Na hilo moja lilipasuka tangu tunapakia.

Muuzaji akasahau kuuza. Mpwa ameisikia mara mia hadithi hii, bado anatabasamu pale pale kwenye "akaomba msamaha".

Tumeondoka bila kadi. Nimesema nitafikiria.

Ijumaa, 7 Machi

Mpwa kaniletea kadi nyingine sita kwenye simu, na bei zake. Nimezikataa zote. Hii feni yake ina mlio wa nzi. Hii imeshafunguliwa na fundi, parafujo si za mama mmoja. Hii rangi yake siipendi — rangi!

"Mjomba, unachagua kadi au unachagua mchumba?"

Dada akadakia huko jikoni: mchumba wala hakuchagua hivi, ndiyo maana akamkimbia! Wakacheka. Nikacheka na mimi. Ningefanyaje?

Usukani umeshafika. Uko juu ya kabati, umefunikwa shuka. Una pedali tatu chini, za chuma kabisa. Sijaugusa. Kila nikipita pale natembea kando ya ukuta wa pili.

Nimechoka. Hata kuandika nimechoka.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi, niko na kikombe cha chai, Shemeji kaniuliza mbele ya watu: "Kadi haipatikani, shemeji, au dereva ndiye hapatikani?"

Nikaacha chai.

Nimekwenda peke yangu, mtaa wa nyuma, duka lisilo na kibao. Nimepata kadi ya feni mbili, nzito kama tofali, memori giga sita, kwa nusu ya bei ya wale wengine! Muuzaji kaapa kwa macho yake yote mawili kwamba ni ya picha, na picha zake ni kama dirisha. Urefu nimepima kwa shubiri, itaingia. Akiba ya kutibu goti ndiyo imekwenda hapo. Mimi nimeishia darasa la sita, lakini barabara imenipa digrii. Mpwa kesho atashika mdomo.

Jumapili, 9 Machi

Kashika mdomo kweli.

Kaitoa kwenye boksi, kaigeuza. Kaigeuza tena. Kisha akasema taratibu, kama nesi: "Mjomba, tundu la waya wa skrini liko wapi?"

Nikaangalia. Upande wa nyuma, pale kadi zote zina matundu, hii ina bati tupu!

Akanieleza. Kuna kadi zilitengenezwa kwa ajili ya zile mashine za kuchimba sarafu za mtandaoni. Zinapiga hesabu mchana na usiku, basi. Picha hazitoi. "Nguvu inayo, Mjomba. Haina pa kuitolea tu."

Kadi ya picha isiyotoa picha! Shemeji kacheka mpaka katoka nje anajifuta machozi. Huko nje nikamsikia anamsimulia jirani: kanunua ng'ombe wa maziwa, kumbe dume.

Nimekasirika kama inavyotakiwa. Nimepiga meza, nimesema huyo muuzaji ananijua mimi ni nani? Lakini moyoni nimepumua. Kama mtu aliyekwenda kung'olewa jino, akaambiwa daktari hajaja leo.

Sijui kwa nini nimeandika hilo.

Jumanne, 11 Machi

Nilitaka yaishe. Nikamwambia Mpwa, mpwa wangu, mali ikishauzwa hairudi, tuache, tutajaribu mwakani. Hakunisikia hata kidogo. Kanishika mkono mpaka kule mtaa wa nyuma.

Muuzaji aliponiona akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Nikaanza: unajua unaongea na nani? Mimi ndiye niliyeshusha mayai... Mpwa akanisogezea stuli. "Pumzisha goti, Mjomba." Kisha akamgeukia: "Kaka, ulimwambia mzee hii ni ya picha. Sawa. Skrini ile pale, waya huu hapa. Ichomeke, itoe picha, mimi nikuombe radhi mbele ya wateja wako."

Wateja wawili wakasogea. Jamaa jasho. Akaguna, akafungua droo.

Tumetoka na kadi ya feni moja. Ndiyo, ile ile ya kiganja, aina ile ile niliyoikataa Jumatano! Haihitaji waya wake wa umeme, inakula humo humo ndani ya sipiyu. Mpwa kaijaribu pale pale dukani. Picha ikatoka, safi.

Njiani akanisimulia jambo. Alipokuwa darasa la tano mwalimu aliwaambia waandike habari za mtu wanayejivunia. Wenzake wakaandika baba, mama, kiongozi. Yeye aliandika "Mjomba Wangu Anaendesha Lori". Mwalimu alimwambia aisome mbele ya darasa zima. Karatasi anayo mpaka leo.

Nikasema goti linaniuma, tusimame kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Leo getini lori limeziba njia, nyuma yake mengine matatu yanapiga honi. Dereva alikuwa anakimbilia ofisini na karatasi zake. Akanirushia funguo. "Mzee wa barabara, nisogezee hatua mbili tu!"

Funguo zilikuwa na joto la mfuko wake.

Nikamwambia goti. Akasonya, akarudi, akasogeza mwenyewe. Hatua mbili kweli, hata dakika haikuisha. Nilimtazama miguu kupitia mlango uliokuwa wazi. Ilikuwa inapanda na kushuka kama ya mama anayeshona cherehani.

Alipopita nikamwambia tairi la nyuma kushoto lina nati imelegea, nasikia mlio wake. Akashuka kuangalia. Kweli! "Mzee, wewe ulikuwa dereva hatari," akasema.

Nikaandika namba yake kwenye daftari. Niliikosea, nikaifuta.

Ijumaa, 14 Machi

Kadi imeingia. Imekaa humo ndani ndogo, haina makeke. Mpwa kaliwasha gemu, lori likatoka laini kama samli. Kanikabidhi kiti. Nimesema Jumapili, nisiharibu uhondo.

Nikaenda kulala kabla ya chakula.

Jumapili, 16 Machi

Saa tisa alasiri. Sebule imejaa. Dada kapanga viti kama harusini, majirani wawili wamekuja, Shemeji kiti cha mbele. Skrini inawaka. Barabara, mvua, wipa zinafuta kioo! Feni moja ile haijakwama hata mara moja.

Nikamwambia Mpwa aanze yeye, nione kama mitambo iko sawa. Kaendesha vizuri, taa, kona, mzani, yote. Kufika mwisho wa safari lazima trela lirudi nyuma mpaka mlango wa ghala, kati ya nguzo mbili. Hapo akashindwa. Nguzo. Kajaribu tena. Nguzo ya pili. Watu wakaanza kuguna.

Nikajikuta nimesimama. Goti limenyooka lenyewe! Niko nyuma ya kiti chake, nagonga ubavu wa meza kwa kiganja: Haya njoo! Njoo! Kata kulia, kulia, kidogo — nyoosha! Kioo cha kushoto usikitazame, nisikilize mimi — njoo, njoo, njoo — hooo! Nikagonga mara mbili.

Trela limekaa katikati kama yai kwenye trei.

Makofi! Mpwa kanirukia shingoni. Jirani anapiga kigelegele. Shemeji peke yake hakupiga makofi. Anautazama mkono wangu, bado uko kwenye ubavu wa meza, umefunguka. Nikangoja kejeli. Haikuja. Akasema kwa sauti ya chini, tena kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyonimaliza: "Shemeji, hiyo kazi unaijua."

Mpwa akainuka, akanipangusia kiti kwa mkono. "Haya, Mjomba. Sasa dereva mwenyewe."

Nimesema nafuata miwani.

Niko chumbani, nimekaa kitandani. Miwani iko usoni. Wananiita. Dada anauliza kama nimelala. Namsikia Mpwa anawatuliza: mwacheni, anajiandaa, hamjui madereva wa zamani. Kiti kiko wazi, pedali tatu chini yake. Nilivyotoka nimeona Shemeji kaisogeza stuli niliyokuwa nimekalia, kaiweka upande wa kushoto, mahali pa abiria. Kisha karudi kiti chake cha mbele.

Daftari halina mdomo, basi niandike. Mlima ule ulikuwa kilomita tatu. Mnene hakulia. Mnene ndiye aliyekamata usukani, na aliyemwita mama yake ni mimi. Mawe nyuma ya tairi, mimi. Turubai, mimi. Kugonga ubavu, njoo njoo, mimi. Usukani wa lori lile nimeufuta vumbi kila asubuhi, miaka ishirini na miwili. Kuuzungusha, hata siku moja.