Nambari Pembeni mwa Kura

Chumba cha mbele,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda.
Jumapili, 28 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Huku hatujambo. Mama kifua kimepoa, na Babu ni mzima ila siku hizi anasikia yale anayotaka kusikia tu. Wiki hii yote nimekuwa na wewe kichwani, na utaona kwa nini.

Uliniuliza kama bado nakaa kimya kazini, kama ulivyonisihi nilipoajiriwa. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu ni hapana. Tangu Machi mimi ni katibu wa kamati ya uchaguzi. Hatimaye kiwanda kimekubali chama cha wafanyakazi, na ilitubidi tumchague mwakilishi wetu wa kwanza kabla ya mwezi huu kwisha. Tungeshindwa, kanuni za chama zingetungojesha mwaka mzima.

Usinikasirikie. Nilikuwa na miaka kumi na minne siku ile uliporudi nyumbani saa nne asubuhi na mkasi wako ndani ya mfuko wa nailoni. Ulipangusa meza ambayo haikuwa na uchafu, ukakaa. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa habari ya karatasi ya majina: kwamba mliomba chama, kwamba jina lako lilikuwa la kwanza, na kwamba karatasi ilipofika ofisini wenzako wote walisema hawaijui. Hakuna aliyekusindikiza hata getini. Umeniambia mara nyingi kwamba walikusahau kabla hujafika barabarani.

Wagombea walikuwa wawili. Mama Pasi unamfahamu, bado yuko kwenye meza yake ya kupigia pasi na bado sauti yake inashinda mashine. Mwingine alikuja baada yako, ni mkata vitambaa, tunamwita Kimya kwa kuwa anaweza kumaliza zamu nzima bila neno. Moyo wangu ulikuwa kwa Mama Pasi.

Sasa nikueleze kosa langu. Kura nilizichapa mimi, kwenye zile kadi za njano za tiketi za vifurushi, kwa sababu zilikuwa zimejaa stoo na zimekatwa tayari. Niliona nimefanya jambo la akili. Wewe uliyeshona miaka kumi na moja umeshajua balaa linatokea wapi. Kila kifurushi cha kola au mikono kinachomtoka mshonaji, anaandika nambari yake ya beji kwenye kona ya tiketi, hata akiwa anapiga soga, hata akiwa anasinzia. Mkono unaandika wenyewe.

Jumatano mchana cherehani zikazimwa, na watu mia moja themanini na sita wakapiga kura kantini. Nikafungua sanduku mbele ya kamati, wagombea na afisa kazi wa serikali. Kadi ya kwanza ilikuwa na alama yake, na pembeni, 233. Ya pili, 108. Ya tatu ilikuwa ya msichana wa vifungo ninayekula naye kila siku, aliyeniapia kwamba kura yake ni ya Mama Pasi. Haikuwa. Nikalalia kadi zote kwa mikono miwili. Niliona aibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

Meneja utumishi alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa upole, "Kama kuna tatizo, leteni sanduku ofisini kwangu. Litakuwa salama."

Mama Mdogo, nilikuona wewe na mfuko wako wa nailoni. Kadi zile zilikuwa na nambari ya kila mtu na siri yake, na zilikuwa zinaitwa kwenye mlango uleule ulioingia karatasi yako. Nikamwambia afisa kazi, "Kura zina nambari za watu. Kosa ni langu, na haziondoki hapa."

Akachukua moja, akatazama kona tu, akairudisha kifudifudi. Akasema uchaguzi huo umeharibika, urudiwe Ijumaa, na kadi ziharibiwe palepale kama wagombea wanakubali.

"Nakubali," akasema Mama Pasi. "Lakini nilikuwa naongoza?"

Nikazidi kuzilalia kadi.

"Haya. Nimeuliza tu, mdomo wangu hauna breki."

Kimya hakuuliza. Alilibeba sanduku hadi kwenye meza ya kukatia, sisi sote nyuma yake. Akazipanga kadi tabaka juu ya tabaka kama anavyopanga vitambaa, akazibana, akavaa glovu yake ya chuma, akawasha kisu cha umeme. Pengine alikuwa anakata ushindi wake mwenyewe. Alipomaliza alizoa vipande vyote, akavitia kwenye gunia la mabaki, akakoroga kwa mkono.

"Waje waunge," akasema. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Alhamisi asubuhi nilipanda juu ya kreti karibu na geti nikakiri mbele ya watu wote. Fundi wa mashine akasema, "Msomi wetu, chuo kizima kile, na umefelishwa na tiketi." Wakacheka, nami nikashukuru kwamba wanacheka. Lakini mshonaji mmoja wa laini ya pili hakucheka. "Mimi sirudii," akasema. "Jana nimetoa nambari, kesho nitoe kichwa?" Wengi wakaitikia. Nilimwambia kadi zimekatwa, na sura yake ikaniambia kwamba maneno kama hayo ameyasikia kabla sijazaliwa.

Ndipo Mama Pasi alipokuja na lile gunia mgongoni. Akachota vipande viganja viwili, akammwagia kwenye aproni. "Haya shoga, tafuta yako." Yule mama akageuza kipande kimoja, akageuza kingine. Mwisho akajipangusa, akasema, "Na hii takataka nani atafagia?" Nikafagia mimi. Nikiinama pale chini nilijua Ijumaa atakuja.

Safari hii nilitumia ile karatasi ya kahawia ya kuchorea patani, nikachora pasi upande mmoja na mkasi upande wa pili. Kalamu zote nikaziweka nje. Kila mpiga kura alipewa kipande cha chaki ya fundi, butu, kisichoweza kuandika chochote kidogo. Na nikatangaza mara tatu: yenye nambari imeharibika.

Wakapiga watu mia mbili na kumi na mmoja. Mkasi ulipata mia moja na kumi na mbili, pasi tisini na nane. Mwakilishi wetu ni Kimya, na Mama Pasi tayari amejipa kazi ya kumsemea. Hiyo kura yangu ya Ijumaa nilimpa nani, hata wewe sikuambii.

Hesabu hiyo ina pengo la kura moja. Karatasi ya mwisho nilipoifungua haikuwa na alama kwenye pasi wala mkasi. Ilikuwa na nambari tu, iliyoandikwa kwa chaki ile butu, kubwa, imejaza ukurasa mzima: 417.

Meneja utumishi alipekua orodha yake. Akasema kiwandani hakuna mfanyakazi mwenye nambari hiyo, haijatolewa kwa mtu kwa miaka tisa. Afisa kazi akaniuliza kama naitambua. Nilisema ni kura iliyoharibika, nikaiweka peke yake upande wa kushoto, na nikahesabu tena zilizobaki ili nisiinue uso. Nilipoinua, washonaji wa zamani waliokuwa wamejipanga ukutani walikuwa wote wanatazama dari.

Mama amekuhifadhia beji yako miaka yote hii ndani ya kopo la vifungo. Nimeitia humu kwenye bahasha. Pini yake imeshika kutu kidogo, lakini nambari inasomeka.

Nisalimie Mjomba, mapacha, na yule jirani yako anayekupokelea simu zetu. Babu anakuombea, na Mama anasema ule vizuri. Mungu akulinde katika kazi yako, akupe usingizi mwema na goti jipya.

Ni mimi mwanao nikupendaye, uliyenipa jina la
Maswali