Sefu kwa Pande Mbili za Shuka

Jumapili. Upepo wa kiangazi tangu asubuhi, vumbi hadi ndani ya mtungi. Kichwa changu hakitulii.

Gari la sinema limekuja Tabora tangu jana. Zamani picha zilioneshwa kwenye ukuta wa ghala, sote tukakaa upande mmoja. Safari hii wazee wa mtaa wetu walitaka shuka litundikwe katikati ya uwanja: wanaume mbele pamoja na mashine, sisi wanawake nyuma.

Nakiri nilifurahi. Nilitaka kulinganisha. Ukutani picha hung'aa, lakini chokaa imebanduka na kila uso hupata makovu. Nyuma ya shuka picha ni hafifu kidogo, ila laini. Upepo ukipita, watu huonekana kama wanapumua. Katikati kuna doa la mwanga, taa ya mashine inapenya. Nililitazama mpaka macho yakauma.

Picha ilihusu kijiji cha Ujamaa huko Puge, alikohamia Sefu, mtoto wa pekee wa jirani yetu Mama Sefu. Akatokea. Yeye na wenzake walikuwa wamemaliza kulima shamba la pamoja, wamelizunguka sinia la ugali.

Sefu alikula kwa mkono wa kushoto.

Wote walikula kwa kushoto. Wanawake wakaangua kicheko. "Mama Sefu, ndivyo ulivyomlea?" "Mwacheni, huko hata mikono wamebadilishana!"

Leo asubuhi nilimkuta Mama Sefu anafunga kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kesho napanda basi, namrudisha mwanangu nyumbani. Ujamaa gani huo wa kula kwa mkono wa chooni?"

Ndipo nikakumbuka maandishi ya mwanzo wa picha: herufi zote zilikuwa zimegeuka. Nilidhani mashine ni mbovu. Nikaenda kumuuliza Baba, aliyekaa mbele, Sefu alikula kwa mkono upi. Akanishangaa. "Wa kulia. Ulitaka ale kwa upi?"

Nikarudi kumweleza Mama Sefu kwamba shuka, ukilitazama kwa nyuma, hugeuza kulia kuwa kushoto.

"Mwanangu, shule imekupa maneno. Mimi nina macho."

Basi jioni hii, picha iliporudiwa, nikamshika mkono tukapita mbele, katikati ya wanaume. Mzee mmoja akaguna. "Nyinyi, mmepotea njia?"

"Namtafuta mwanangu," akajibu Mama Sefu. Wakatupisha.

Kwa mbele picha ni kali ajabu. Hata ukosi wa shati unaonekana. Nilikuwa nashangaa jinsi mikunjo ya shuka inavyopinda mapaa ya nyumba, Sefu akatokea, mkono wa kulia ukienda kwenye sinia.

Nikamgeukia mama yake nikitarajia tabasamu. Alikuwa analia.

"Ni wa kulia, mama," nikanong'ona.

"Nimeona. Itazame shingo yake. Mwanangu amekonda."

Kikapu hajakifungua. Ameongeza karanga na chupa ya asali. Safari iko palepale, ila sasa hasemi tena habari za kumrudisha. Anasema anakwenda kumlisha.

Kesho nitambebea kikapu mpaka kituoni.

Nimemwona Sefu kwa pande zote mbili, na shingo yake sikuiona. Nilikuwa natazama shuka.