Gari la Baba Linaivisha Ndizi za Bibi, Nami Naiogopa Jumamosi

Wilaya ya Ngara
Jumatatu, tarehe 10 Novemba 2025

Mpendwa mshauri Mwanne, shikamoo. Naomba msaada, na kabla sijaanza naahidi kukueleza yote, hata lile linaloniaibisha, kwa sababu siku tisa zilizopita nilinyamaza mbele ya nesi na tangu siku hiyo kitabu nakiangalia tu bila kusoma. Ukiisoma barua hii redioni tafadhali niite Niragira, ambalo si jina langu.

Nipo kidato cha tatu na ninaishi na bibi mzaa baba. Mama anafundisha shule ya msingi huko Biharamulo na huja kila mwisho wa mwezi, na baba ni bwana shamba ambaye mwezi wa saba alipelekwa masomoni Morogoro kwa miaka miwili. Kabla ya kuondoka alilihifadhi gari lake, pikapu ya petroli, ndani ya banda la matofali nyuma ya nyumba, na kila hatua alinifundisha kwa sababu mimi ndiye mtoto wake mkubwa. Tuliliosha mpaka chini ya madigadi tukaliacha likauke, tukamwaga oili chafu tukaweka mpya, tukajaza tangi, tukaliinua kwa jeki na kulikalisha juu ya magogo ili matairi yasibonyee kwa kusimama, tukaachia handibreki ili breki zisigande, kisha tukalifunika kwa shuka kuukuu la pamba, maana alisema turubai hufungia unyevu na gari huoza likiwa limefunikwa vizuri. Mwisho akanipa ufunguo na daftari la maelekezo. Ukurasa wa mwisho ameandika hivi: "Kila Jumamosi washa injini dakika kumi na tano ili betri isife. Mlango wazi." Akaniambia, "Wewe sasa ni dereva wa gari lisilotembea," tukacheka wote.

Mlango wazi. Hayo maneno mawili, mshauri, niliyasoma vizuri, na nikadhani ni kwa ajili ya mwanga.

Kwetu ndizi za kutengenezea urwagwa, yaani ile pombe ya ndizi, huvumbikwa kwanza ndani ya shimo lililopashwa moto, zinafunikwa kwa majani ya mgomba na udongo, moshi na joto vinazifanyia kazi, na baada ya siku tatu au nne zimeiva zote kwa pamoja. Mwaka huu mvua za mwezi wa kumi zimelijaza maji shimo la bibi, na Jumamosi moja alipokuja bandani kutafuta ungo alinikuta nimewasha gari, akasimama nyuma ya bomba la moshi, akanyoosha mikono yake kana kwamba anaota moto.

Akasema, "Mjukuu wangu, huu si moshi? Na hili si joto? Sasa mimi nahangaika na shimo la nini?"

Nikamwambia, "Bibi, huo ni moshi wa petroli."

"Ndizi inajua petroli? Ndizi inajua joto. Gari hili limekula mazao yangu miaka yote likiyapeleka sokoni, sasa na lenyewe linifanyie kazi."

Tukapanga machana ya ndizi nyuma ya gari, tukayafunika kwa majani, na bibi akaniambia nifunge mlango joto lisitoke. Nikaufunga.

Ndizi ziliiva kwa siku tatu, na jirani yetu Ildefonsa alipozionja alimtania bibi kwamba urwagwa wake ukinywewa utapiga honi tumboni, na bibi akamjibu kwamba afadhali honi kuliko kelele zake. Kila mtu alifurahi na mimi nilijiona nina akili, basi dakika kumi na tano zikawa nusu saa, nusu saa ikawa saa nzima, na bibi akaanza kukaa humo humo ndani akichagua maharage kwa sababu mvua inamuumiza magoti na bandani kuna joto, huku mimi nimekaa barazani najisomea. Jioni alikuwa anajifunga kitenge kichwani na kusema kinamgonga, na anasikia kichefuchefu, na kwamba uzee umefika. Lakini uzee huo ulikuwa unakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili, na mimi sikujiuliza.

Jumamosi ya tarehe mosi nilifungua mlango nimwambie saa imekwisha nikamkuta ameinamia ungo, maharage yamemwagika miguuni. Nilimwita mara tatu. Alipoinua uso aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akajaribu kusimama na miguu ikakataa. Nilimkokota mpaka nje kwenye majani huku mvua ikinyesha, akatapika, na mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinazunguka, na hapo hapo, nikiwa nimemshika mabega, nikakumbuka jaribio la kemia la mwezi wa tisa ambapo Mwalimu Gaspari alituuliza kwa nini ni hatari kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Nilieleza habari za kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nikapata alama zote. Haikunijia kamwe kwamba gari nalo ni jiko.

Zahanati walimpima malaria hana, presha ikawa nzuri. Nesi akauliza, "Mama alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka?" Nilifungua mdomo, lakini bibi aliwahi: "Nilikuwa nachagua maharage tu, mwanangu." Kisha akanitazama, na nikajua hataki baba asikie kwamba gari lake limegeuzwa shimo la ndizi. Nikafunga mdomo kama nilivyofunga mlango.

Sasa hofu yangu ni hii. Tarehe 22 wakwe wanakuja kutoka Bugarama kutoa mahari ya shangazi, na urwagwa ni lazima uwepo, na bibi amekwisha kukata mikungu mitatu. Juzi Jumamosi nilimdanganya kwamba petroli imeisha. Akaniangalia. "Tangi alilojaza baba yako limenywewa na nani, panya?" Jana akamtuma Ildefonsa akaleta dumu la lita tano, limesimama jikoni mlangoni, na kila ninapopita naona kama linanitazama. Leo asubuhi nilisema naogopa kuwasha, akasema, "Kama unaogopa nipe ufunguo, nimekwisha kukuona unavyouzungusha." Nimeuficha ufunguo ndani ya soksi, lakini bibi huzifua soksi zangu yeye mwenyewe. Nikimwambia ukweli, itakuwa nimekiri kwamba ni mimi niliyefunga mlango na kuwasha moto ulioelekea kumuua. Nikimwambia baba, hataniamini tena na kitu chochote. Na nisipowasha, betri itakufa, na hilo ndilo jambo moja aliloniomba.

Barua hii nampa rafiki yangu Priscila, ambaye kaka yake anakuja huko mjini kesho. Alhamisi bibi husikiliza kipindi chako bila kukosa, na baada ya hapo imebaki Ijumaa tu. Je, ni moshi wa gari uliomwangusha bibi yangu, na kama ni huo, nitamzuiaje Jumamosi hii bila kuliua gari la baba?

Wako mtiifu,
Niragira


Mshauri Mwanne anajibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifikia Jumanne mchana na nimeiweka mbele ya nyingine zote, hata ya yule bwana anayegombana na mkewe kuhusu jogoo. Jogoo atangoja. Majina ya watu wako nimeyabadilisha.

Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, kwa kila dalili uliyoiandika. Mimi si daktari, kwa hiyo nilimpigia simu tabibu mmoja ninayemwamini, kisha nikavuka barabara kwenda kwa fundi Halfani ambaye mikono yake imejaa oili kwa miaka ishirini na miwili. Nilimsomea kila mmoja barua yako, na hakuna aliyeningoja nimalize. Fundi alisema, "Dada Mwanne, gari linalonguruma ndani ya banda lililofungwa halihitaji hata nusu saa." Mlango ukiwa wazi ni afadhali, lakini afadhali si salama. Injini huwashwa nje, kwenye hewa.

Sasa nikugombeze kidogo, kwa sababu umeniandikia kama mtu anayetaka kugombezwa. Jibu la mtihani ulilijua. Uliandika darasani ukapata alama zote, ukarudi nyumbani ukafunga mlango. Kosa zito kuliko hilo ni ulilofanya zahanati. Nesi alikuuliza njia ya kumtibu bibi yako, nawe ukamficha kwa sababu ya jicho la bibi. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema na usiiache, ila mgonjwa akidanganya, anayemuuguza hana ruhusa ya kudanganya naye.

Baba yako naye ana lake, na nitamwambia akitaka kunisikia. Ameandika "mlango wazi" bila kuandika kwa nini. Agizo lisilo na sababu ni nusu ya agizo, na nusu iliyobaki mtoto huijaza kwa kubahatisha. Wewe ulibahatisha mwanga. Zaidi ya hapo, fundi anasema gari lililopandishwa juu ya magogo kwa miaka miwili halina haja kabisa ya kuwashwa kila wiki. Dakika kumi na tano bila kutembea haziipi oili moto wa kutosha, maji yanabaki ndani ya bomba la moshi na kulitoboa polepole. Kwa hiyo ondoa mzigo huo kichwani. Ukiacha kuliwasha, unalitunza.

Betri ndiyo dawa yako, sikiliza vizuri. Kesho Ijumaa ukitoka shule, mtafute fundi wa karibu au mtu mzima anayejua, fungueni mlango wote wa banda. Kwa spana namba kumi ufunguliwe kwanza waya wa hasi, wenye alama ya kutoa, kisha ule wa chanya, na spana isiziguse nyaya zote mbili kwa pamoja. Betri itolewe nje ya gari, ifutwe, ikae juu ya ubao mahali pakavu, mbali na jiko na moto wowote. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili ipelekwe kwa fundi ikachajiwe. Hapo betri haitakufa, na ufunguo unaweza kuutundika ukutani mchana kweupe, maana hata ukizungushwa na nani, gari halitaitika. Soksi zako zipumzike.

Ziba mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa panya wasijenge, na funga kipande cha kitambaa hicho hicho kwenye usukani ili baba yako akirudi akumbuke kukitoa. Petroli iliyomo itakuwa imechakaa. Aite fundi kabla ya kuwasha. Magogo yakaguliwe kama mchwa hawajayala, na wewe usiingie chini ya gari kwa sababu yoyote. Lile dumu lililoko jikoni lirudi lilikotoka leo, maana nyumba yenye bibi na jiko la kuni haina nafasi ya petroli.

Bibi arudi zahanati kesho hiyo hiyo, hata kama anajisikia mzima, na safari hii wewe ndiye useme. Kisha mpigie baba yako. Unaogopa hatakuamini tena. Mwanangu, mtu aliyemkokota mama yake baba yako nje kwenye mvua ndiye huyo huyo ambaye baba alimpa ufunguo. Atauliza maswali mengi kwenye simu. Yajibu yote, usikate.

Umeniambia bibi husikiliza kipindi hiki bila kukosa, na sidhani uliandika hilo kwa bahati mbaya. Basi niruhusu nizungumze na mkubwa mwenzangu.

Bibi, shikamoo. Wewe mwenye mikungu mitatu na wageni wa tarehe 22, najua umeijua sauti ya nyumba yako tangu niliposoma habari za ungo. Hongera kwa mahari ya binti. Mikungu hiyo ipelekwe kwa jirani mwenye shimo lililoko mwinukoni, ambako maji hayatuami. Ukivumbika kesho, Jumanne zimeiva, na wakwe watakunywa. Yule jirani niliyemwita Ildefonsa atakutania, na wewe majibu hujawahi kukosa. Lakini bandani usikae tena gari likiwaka, wala usimwambie mtu yeyote afunge mlango. Kile kichwa kilichokuwa kinakugonga hakikuwa uzee. Uzee bado unakungoja.

Mjukuu wako hakukukosea, amekuogopea. Yuko hapo karibu na redio sasa hivi, anajifanya anasoma. Mwite, alete daftari la baba yake, akusomee maneno mawili ya mwisho na akueleze maana yake. Na wewe, Niragira, safari hii usinyamaze.