Maporomoko ya Chania Siku ya Mvua

Thika, Jumamosi

Mdogo wangu Wairimu,

Natumai hamjambo nyumbani, na mama yetu, maitu, sasa anaweza kuketi. Picha iliyo upande wa pili nimeipiga mwenyewe. Mvua hapa Thika haijakatika tangu nifike, na fundi wa picha, Bwana Ramji, alipoisafisha filamu yangu alicheka. "Huu ni uji," akasema. "Mto kijivu, mbingu kijivu." Nikamwambia mama yetu ni mgonjwa, na ametamani kuyaona maporomoko haya tangu usichana wake. Akaniita kwenye chumba cha giza. Alipomulika karatasi, nilikinga mwanga kwa kiganja penye mto, maji yasiwe meusi, na mbingu tukaiongezea mwanga ili mawingu yakolee. Karatasi ilipoingia kwenye dawa, mawingu yakatokea yamejaa, na povu la Chania likang'aa. Nilirukaruka kwa furaha hadi nikamkanyaga. Alitaka kupaka mbingu rangi ya buluu. Nikamwambia maitu hapendi uongo, basi tukapaka majani tu, kijani chake cha kweli. Mpe aishike mwenyewe, na umwambie nilipoipiga nilikuwa nimelowa chapachapa, nacheka peke yangu.

Nawakumbatia nyote,
Dada yako Njoki